Mwanasiasa Mkristo na serikali ndogo: dhana potofu na ukweli

Katika siasa za Marekani, mgombea akishajitambulisha kuwa Mkristo, watu humkamilishia maneno. Wapo wanaofurahi: huyu atapunguza kodi na kuibana serikali. Wapo wanaokasirika: huyu hana habari na maskini. Pande zote mbili zinaidhulumu imani, kwa sababu zinaichukulia kama rangi ya chama. Imani haiji na kipimo cha ukubwa wa serikali. Inakuja na mafundisho, na kila mwanasiasa huchagua ni fundisho gani atalipa uzito na wapi atalitumia. Hapo ndipo pa kumchunguza.

Dhana: Mkristo wa kweli katika siasa lazima atake serikali ndogo

Tuwatazame watu wawili wa chama kimoja, Democratic, na wa dhehebu moja, Presbiteri.

Grover Cleveland alikuwa mtoto wa mchungaji. Mwaka 1887, akiwa rais, aliletewa muswada wa kuwanunulia mbegu wakulima wa Texas waliopigwa na ukame. Fedha zilizoombwa ni dola 10,000, kiasi kidogo hata kwa hazina ya wakati ule. Akaukataa kwa kura ya turufu. Hoja yake ya kwanza ilikuwa ya kisheria: hakuona mahali Katiba ilipoiruhusu serikali kuu kutumia fedha za umma namna hiyo. Ya pili ingeweza kutoka mimbarini: watu wakizoea kusubiri serikali iwalee, ule moyo wa kusaidiana unaowafunga pamoja kama ndugu unalegea.

Mwaka 1896, Cleveland akiwa bado madarakani, chama chake kilimsimamisha William Jennings Bryan kugombea urais. Bryan aliishi na Biblia mkononi. Alitetea kodi ya mapato, akawatetea wakulima wenye madeni, na mwaka 1906 akapendekeza reli ziwe mali ya umma. Aligombea tena mwaka 1900 na 1908, akashindwa mara zote.

Wote wawili walimwamini Mungu yuleyule na waliamini kwamba binadamu ni mwenye dhambi. Walichotofautiana ni kuhusu dhambi ipi iogopwe zaidi, ya mtawala au ya mwenye mtaji.

Dhana: Biblia imeshamaliza mjadala

Wanaotaka serikali yenye mipaka hupenda 1 Samweli sura ya 8, na wana sababu. Waisraeli wanaomba mfalme ili wafanane na mataifa mengine, na Samweli anawaorodheshea gharama: atawachukua wana wenu wakimbie mbele ya magari yake ya vita, binti zenu wawe wapishi na waokaji, mashamba na mizeituni iliyo mizuri awape watumishi wake, na sehemu ya kumi ya mbegu na mizabibu. Kisha mtalia, na hamtasikilizwa. Ni onyo kali, na kila mbunge angefaa kulisoma kabla ya kupitisha bajeti.

Lakini sura hiyohiyo inaisha kwa Mungu kumwambia Samweli awape watu mfalme. Warumi 13 inamwita mtawala mtumishi wa Mungu na inaagiza kodi ilipwe. Zaburi ya 72 inamwombea mfalme awaokoe wahitaji. Kwa maoni yangu, andiko linalosaidia zaidi halitajwi sana: Kumbukumbu la Torati 17. Mfalme asijiongezee farasi, wala wake, wala fedha na dhahabu. Ajiandikie nakala ya sheria na kuisoma siku zote, moyo wake usijiinue juu ya ndugu zake. Andiko hilo halisemi serikali iwe na wizara ngapi. Linasema mtawala naye yuko chini ya sheria, na hilo mpenda serikali kubwa na mpenda serikali ndogo wote wanapaswa kulijibu.

Dhana: Anayekataa mpango wa serikali wa kuwasaidia maskini anawakataa maskini

Si lazima. Abraham Kuyper, mchungaji wa Kikalvini aliyekuwa waziri mkuu wa Uholanzi kuanzia 1901 hadi 1905, alifundisha kwamba familia, kanisa, shule na kazi kila kimoja kina mamlaka yake kutoka kwa Mungu moja kwa moja, si kwa hisani ya dola. Wakatoliki wana kanuni ya auni, ambayo Papa Pius XI aliifafanua katika waraka wake wa 1931: jambo ambalo jumuiya ndogo inaliweza, kubwa isiipokonye.

Ila kanuni hiyo ina upande wa pili ambao majukwaani hurukwa. Ndogo ikishindwa, kubwa ina wajibu wa kusaidia. Katika mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930, makanisa na vyama vya hisani vya Marekani vilielemewa na wingi wa wenye njaa. Mwanasiasa anayesema "hiyo ni kazi ya kanisa" anadaiwa jibu la pili: kanisa likiishiwa, je?

Dhana: Kutenganisha kanisa na dola ni hila ya wasioamini

Hapa historia iko wazi kabisa. Kabla ya uhuru wa Marekani, wahubiri wa Kibaptisti walifungwa jela Virginia kwa sababu ya kuhubiri. Kwingineko walitozwa kodi ya kulipia wachungaji wa kanisa lisilo lao. Ndio maana Wabaptisti wa Danbury, Connecticut, walimwandikia Rais Thomas Jefferson mwaka 1801, na jibu lake la tarehe 1 Januari 1802 ndilo lenye ule msemo maarufu wa "ukuta" kati ya kanisa na dola. Siku hiyohiyo mhubiri wa Kibaptisti John Leland alimfikishia Jefferson jibini la zaidi ya kilo 500, zawadi ya watu wa Cheshire, Massachusetts, kwa rais aliyetetea uhuru wa dhamiri. Watu hawa waliitaka serikali itoke kanisani kwa sababu walimpenda Mungu.

Dhana: Akiitaka serikali ndogo kwa sababu ya imani, ataitaka ndogo kila mahali

Wachache hufika huko. Cleveland aliyebania dola 10,000 za mbegu ndiye aliyetuma jeshi Chicago mwaka 1894 kuvunja mgomo wa reli. Kuyper, mtetezi wa mipaka ya dola, alipitisha mwaka 1903 sheria ya kuzuia wafanyakazi wa reli wasigome.

Ron Paul, daktari wa uzazi aliyekuwa mbunge wa Texas, aliyelelewa Kilutheri na baadaye kusali na Wabaptisti, alijaribu kuifikisha hoja mbali zaidi. Aliupinga vikali utoaji mimba, lakini alitaka majimbo ndiyo yatunge sheria. Mwaka 2002 alikuwa miongoni mwa wabunge 6 tu wa Republican katika Baraza la Wawakilishi waliokataa kumpa rais ruhusa ya kuivamia Iraki, na mara nyingi alirejea mafundisho ya Kikristo kuhusu vita vya haki. Januari 2012, kwenye mdahalo huko Myrtle Beach, South Carolina, jimbo lenye wapiga kura wengi wa kiinjili, alisema Marekani isiyatendee mataifa mengine yale ambayo isingependa kutendewa. Sehemu ya ukumbi ikamzomea. Siku chache baadaye akashika nafasi ya 4 katika kura za mchujo za jimbo hilo.