Kiuno cha Audrey Hepburn

Binti mmoja wa kidato cha nne aliletwa kliniki yetu ya lishe kwa kizunguzungu. Mama yake alipotoka kwenda dirisha la dawa, binti akanionyesha picha kwenye simu: mwanamke mwembamba, gauni jeusi, glavu ndefu, lulu shingoni. "Mama, nataka kiuno kama hiki." Alikuwa na wiki kadhaa hali chakula cha mchana.

Mwanamke huyo ni mwigizaji wa filamu Audrey Hepburn, na gauni ni la filamu ya Breakfast at Tiffany's ya mwaka 1961, kazi ya mbunifu Mfaransa Hubert de Givenchy. Nakala yake moja iliuzwa mnadani London mwaka 2006 kwa pauni 467,200. Watu huijua picha hiyo wasijue mwili ule ulipita wapi, nami naona ni haki waambiwe.

Alizaliwa Brussels, Ubelgiji, 4 Mei 1929. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipozuka mwaka 1939, mama yake Mholanzi alimpeleka Arnhem, Uholanzi, akiamini kule kutakuwa salama. Mei 1940 Wajerumani wakaingia. Septemba 1944 wafanyakazi wa reli waligoma ili kuwasaidia Washirika, yaani nchi zilizopigana na Ujerumani, na Wajerumani wakalipiza kwa kuzuia vyakula kwenda miji ya magharibi. Kisha mifereji ikaganda kwa baridi. Mgawo wa chakula ulishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku, na watu wapatao 20,000 walikufa. Watu walikula hata vitunguu vya maua ya tulipu: unakipasua, unakitoa kile kiini cha manjano kwa sababu kina sumu, ndipo unachemsha.

Audrey, msichana wa miaka 15, alikuwa Velp, jirani na Arnhem. Alitoka vitani na upungufu wa damu na miguu iliyovimba. Uvimbe huo tunaujua sana sisi wa lishe: maji hujikusanya mwilini, mtu akaonekana amenenepa ilhali anakwisha. Ukombozi ulipofika akapewa chokoleti, akazila kwa pupa, akaugua. Mwili uliokaa na njaa hauhimili shibe ya ghafla. Ndiyo maana hata leo mtoto aliyelazwa kwa utapiamlo mkali huanzishiwa maziwa mepesi, kidogo kidogo, kabla ya chakula kizito.

Ndoto yake ilikuwa balei, ile dansi ya jukwaani ya kusimamia ncha za vidole. Mwaka 1948 alikwenda London kusoma kwa mwalimu wa balei Marie Rambert, akaelezwa kwamba hatafika daraja la juu kabisa: alikuwa mrefu, na miaka ya njaa ilikuwa imemdhoofisha. Akageukia jukwaa, kisha filamu. Roman Holiday ya mwaka 1953 ilimpa tuzo ya Oscar. Mwaka 1958 alifika hadi Stanleyville, Kisangani ya leo, kupiga The Nun's Story.

Kwangu mimi sura kubwa ya maisha yake ni ile ya mwisho. Baada ya vita alikuwa miongoni mwa watoto waliolishwa na misaada ya kimataifa, na hakulisahau hilo. Mwaka 1988 alianza kuitumikia UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la watoto, safari ya kwanza ikiwa Ethiopia. Septemba 1992 alikuwa Somalia, katika vituo vya kulishia watoto, akiwa na umri wa miaka 63. Saratani ilimuua miezi minne baadaye, 20 Januari 1993, nyumbani kwake Tolochenaz, Uswisi.

Binti alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kwa hiyo baadaye alikuwa anakula?"

Alikuwa anakula, mwanangu. Mwanawe Luca ameandika kitabu kizima cha mapishi ya nyumbani kwao, na kipenzi cha mama yake kilikuwa tambi za mchuzi wa nyanya. Sahani iliyojaa.