Jiki, Asidi na Karo la Choo: Maswali na Majibu

Sehemu kubwa ya nyumba za Dar es Salaam haijaunganishwa na mtandao wa majitaka. Kinachotoka chooni, bafuni na jikoni huishia katika karo lililochimbwa uani, na nyumba nyingine zina kisima hatua chache tu kutoka hapo. Anayechagua dawa ya kusafishia choo dukani huwa amechagua pia kitakachoingia karoni, na pengine kitakachorudi siku moja ndani ya ndoo yake. Majibu haya yanazihusu hasa nyumba zenye karo lililojengwa, lenye shimo la kufyonza pembeni yake, ambamo maji hunywea ardhini.

Karo ni la uchafu. Kwa nini dawa ya usafi hulidhuru?

Kwa sababu karo hufanya kazi, halikai tu kupokea. Majitaka yakiingia hutulia: vizito huzama na kuwa tope, mafuta huelea na kufanya utando, na katikati hubaki maji yaliyopungua uchafu, ambayo ndiyo yanayotoka kwenda shimo la kufyonza. Tope lile huliwa polepole na bakteria wasiohitaji oksijeni, ambao wengi wao walitoka matumboni mwetu wenyewe. Dawa iliyotengenezwa ili kuua vijidudu haiwezi kutofautisha kati ya hao na wale waliokaa kwenye sinki.

Bakteria wakipungua sana, tope hujaa mapema, na chembe ambazo hazijaoza husukumwa hadi kwenye shimo la kufyonza na kuziba vinyweleo vya udongo. Ifahamike kwamba hata karo linalofanya kazi vizuri haliui vimelea vyote. Udongo ndio humalizia kazi ya kuchuja. Udongo ukiziba, majitaka huibuka uani wanakochezea watoto, yakibeba vimelea vya kuhara, homa ya matumbo na mayai ya minyoo. Hasara ya kulipia gari la kunyonya majitaka kabla ya wakati ni ndogo ikilinganishwa na hiyo.

Basi nisitumie jiki kabisa?

Itumie, ila kwa kipimo. Katika majaribio yaliyofanywa mwaka 1987 kwenye Chuo Kikuu cha Arkansas, Marekani, ilibainika kwamba karo la lita 3,800 hivi lilihitaji kumiminiwa takriban lita 7 za dawa ya klorini, yaani jiki, kwa mpigo ndipo bakteria wake waangamie, na hata hapo walirejea baada ya siku chache. Chembechembe za kuzibulia mabomba, ambazo kiini chake ni kostiki (kemikali kali inayounguza), zilifanya uharibifu kama huo kwa gramu 320 hivi tu. Nadhani tofauti hiyo ingewashangaza wengi, maana lawama huangukia jiki ilhali pakiti ya kuzibulia sinki hupita bila kuulizwa.

Isitoshe, klorini hupungua nguvu kila inapokutana na uchafu, kwa hiyo nusu kikombe kilichosugulia choo mara moja kwa wiki huwa kimedhoofika sana kifikapo karoni. Cha kuogopa ni mazoea: chupa nzima inayomiminwa kila Jumamosi “ili harufu iishe”, ndoo ya maji ya kudekia yenye jiki inayomwagwa chooni kila siku, au kidonge cha klorini kinachokaa ndani ya tangi la kuflashia na kutoa dawa kila anapopita mtu. Makaro yetu mengi ni madogo kuliko lile la majaribio, na nyumba zetu zina watu wengi.

Nikiwa dukani, nitazame nini kwenye chupa?

Usitegemee sana maandishi ya mbele yasemayo kwamba bidhaa ni salama kwa karo; hayo mara nyingi ni maneno ya muuzaji. Geuza chupa usome viambato. Hidroksidi ya sodiamu ndiyo kostiki. Haipokloriti ya sodiamu ndiyo jiki. Asidi hidrokloriki ni asidi kali ya choo na vigae. Kloridi ya benzalkoniamu ni kiuavijidudu kinachotiwa katika sabuni nyingi za maji zinazojinadi kwamba zinaua vijidudu, na hiyo haina sababu ya kutumika katika kila sahani na kila sakafu ya nyumba isiyo na mgonjwa. Sabuni ya kawaida na kusugua huondoa uchafu pamoja na vijidudu vyake, na kwa kazi nyingi za siku hilo latosha.

Maji ya kisima chetu yana chumvi, na choo kimeshika gaga la kahawia. Si lazima nitumie asidi?

Mara nyingi si lazima. Gaga hilo ni madini yaliyoganda, na siki huyalainisha. Kinachowashinda wengi ni kwamba humimina siki juu ya maji yaliyotuama chooni, ikazimuka. Kwanza sukuma maji yote kwa brashi hadi yateremke, kisha mimina siki kwenye gaga lenyewe, au tandaza vitambaa vilivyolowa siki pale gaga lilipopanda juu ya usawa wa maji. Acha usiku kucha. Asubuhi viondoe vitambaa kwa mkono uliovaa glavu, vitupe kwenye taka, kisha sugua kwa brashi ngumu. Gaga la miaka mingi huhitaji kurudiwa mara mbili au tatu.

Ikibidi kutumia asidi kali, tumia kidogo, fungua madirisha, na kamwe usiichanganye na jiki. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu, na chooni hakuna nafasi ya kuikimbia. Jiki juu ya mkojo mwingi nayo hutoa gesi inayochoma macho na koo. Ndiyo sababu choo huflashiwa kabla ya kutiwa dawa.

Na sabuni ya kufulia?

Sabuni ya mche haina shida, na ya unga pia ikiwa imepimwa. Maji ndiyo husahauliwa. Nguo za wiki nzima zikifuliwa asubuhi moja, maji mengi huingia karoni kwa saa chache, tope hutibuka na kusukumwa nje kabla ya kutulia tena. Gawa ufuaji katika siku mbili au tatu.

Mafuta ya taa huua mende chooni. Yana ubaya?

Yana ubaya mkubwa. Mafuta ya taa hayaozi upesi karoni, huwadhuru bakteria, na yakipenya udongo huweza kufika kisimani. Mende wanazuiwa kwa kuziba mwanya wa kifuniko cha chemba na kuweka wavu kwenye bomba la hewa. Vivyo hivyo usimwage chooni rangi, petroli, dawa ya wadudu, wala vidonge vya antibayotiki vilivyobaki.

Nyumbani kuna mgonjwa wa kipindupindu. Nihurumie karo?

Hapana. Tumia klorini kama wahudumu wa afya watakavyoelekeza, kwa kipimo watakachokupa. Karo litarudi katika hali yake.

Nitie hamira au pakiti za bakteria ili kulisaidia karo?

Hakuna haja. Kila anayekwenda chooni hulipelekea karo bakteria wapya, tena bure. Shirika la Marekani la Ulinzi wa Mazingira, EPA, nalo halipendekezi viongezwa hivyo, na hushauri karo la nyumba ya kawaida linyonywe kila baada ya miaka 3 hadi 5. Fedha ya pakiti hizo iwekwe kwa ajili ya gari.

Tayari nimemwaga dawa nyingi. Nifanye nini?

Acha kumwaga zaidi, na punguza matumizi ya maji kwa siku mbili tatu ili yaliyomo yapate kutulia. Usijaribu kuisafisha dawa kwa dawa nyingine, hasa kwa kumwaga asidi, kwa kuwa asidi ikikutana na tope la karo huweza kufyatua gesi ya salfidi hidrojeni. Gesi hiyo hunuka kama yai viza, lakini ikizidi huipumbaza pua, usiinuse tena, na watu wamekufa ndani ya makaro kwa kuingia kumwokoa aliyetangulia. Ikiwa maji yanashuka polepole katika vyoo vyote, au yanatoa mapovu na kurudi, mwite fundi au gari la kunyonya, na mfuniko ubaki umefungwa mpaka wafike.