Wakati wa kufundishika

Uzito wote uko kwenye lile -ik-. Kufundisha ni kazi ya anayejua. Kufundishika ni hali ya asiyejua, na hali hiyo haina ratiba. Wakati wa kufundishika ni zile dakika chache ambapo jambo la kawaida kabisa, chenji iliyopungua au maziwa yaliyoganda, limemfanya mtu aulize mwenyewe, na mwenzake akalidaka lile swali.

Aliyeieneza dhana hii miaka ya 1950 ni Robert Havighurst, msomi wa elimu wa Marekani. Kwake ilikuwa pana zaidi: umri ambao mwili, akili na matarajio ya jamii vimekutana, mtoto akawa tayari kwa jambo fulani, kama kusoma. Siku hizi tunaipima kwa dakika.

Chukua mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla. Mama anapiga pasi sare za shule, mtoto anauliza mbona kile kitaa chekundu kinapepesa mbiombio. Anaweza kujibiwa "umeme unaliwa", yakaisha. Au aambiwe ahesabu. Mita nyingi zimeandikwa usoni idadi ya mipepeso kwa kila uniti. Tuseme yenu ni 1,000. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka mfululizo hula uniti moja kwa saa, yaani kitaa kinapepesa mara 16 au 17 kwa dakika. Sasa zimeni kila kitu, ibaki taa moja ya wati 10. Mpepeso mmoja, kisha kimya cha dakika sita. Mtoto aliyesimama pale akizingoja dakika hizo hahitaji tena kuhubiriwa habari za kuzima pasi.

Wauguzi nao wanaijua: mvutaji sigara aliyelazwa kwa kifua huenda akasikiliza ushauri alioupuuza miaka.

Ila si kila tukio linafaa. Kikombe kimevunjika, mtoto katumbua macho akingoja kofi: hapo hafundishiki, hata useme maneno ya dhahabu. Mwache apumue kwanza (na vipande okota wewe).

Kosa letu kubwa wazazi ni kurefusha. Kauliza kitaa, tunampa historia ya bwawa la umeme la Kidatu. Akianza kuangalia mlango, ujue muda umekwisha, mwache akacheze.