Je, wajua? Daktari anayekupasua mgongo anajuaje hii ndo pingili (kipande cha mfupa wa uti wa mgongo) yenyewe?

Mi nilikuwa najua jibu, tena nilibishana nalo barazani hapa Langoni, Lamu: daktari akishafungua ataiona tu, si ndo imeharibika? Kumbe sivyo kabisa. Mara nyingi anaingilia nyuma kwa tundu dogo, na kwa nyuma pingili jirani zimefanana, shida yenyewe mara nyingi ni diski, kile kimto cha kati ya pingili, iliyo mbele inayobana neva. Mbaya zaidi, jirani yake nayo huwa imechakaa kidogo, kwa hiyo daktari anaweza kukosea pingili na bado akakuta kitu kibovu akaridhika!

Basi nikasema wachore ngozi na kalamu. Alama ya ngozi inasaidia kwa upande na eneo, lakini picha ya MRI ulipigwa umelala chali, operesheni unalazwa kifudifudi, ngozi inahama.

Chukulia jahazi limefunikwa turubali, fundi kaambiwa taruma (ubavu wa chombo) la nne kutoka tezi, yaani nyuma ya chombo, limeoza, na yeye ana kitobo cha kuona moja tu. Chaki juu ya turubali haimsaidii, upepo ukivuta imehama. Itabidi agusishe chuma kwenye taruma lenyewe halafu mtu ahesabu kutoka mwisho wa chombo. Ndo wafanyavyo: sindano au chuma kwenye mfupa, eksirei palepale chumba cha operesheni, wanahesabu. Chama cha madaktari wa uti wa mgongo cha Amerika Kaskazini kilianza kuhimiza hivyo 2001, weka sahihi, chora, piga eksirei.

Sasa utamu uko hapa. Kwa kawaida tuna pingili 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, ila wako watu ambao ya mwisho ya kiuno imeshikana na mfupa wa chini, au kipande cha juu cha mfupa huo kimejitenga kikaonekana pingili ya 6 ya kiuno. Yaani mafundi wawili, mmoja anahesabu kale kataruma ka tezi mwingine anakaruka, na wote wako sawa! Kwa hiyo kuandika "ya nne" haitoshi, lazima isemwe imehesabiwa kutoka wapi.

Makosa haya ya kupasua pingili siyo ni nadra, ndo maana ni vigumu kupima njia ipi inayazuia zaidi. Kifuani ndo kugumu, uko mbali na omo (mbele ya chombo) na tezi, mabega na mbavu vinaziba picha, basi wengine huwekewa kachuma kwenye pingili mbovu kabla ya operesheni, kama fundi kupigilia msumari kabla turubali halijafunikwa.