Amana ya benki inapohesabiwa kuwa mapato

Mkaguzi wa kodi Marekani akikuta vitabu vya hesabu havipo, au vipo ila haviaminiki, huenda benki. Hujumlisha kila dola iliyoingia kwenye akaunti zako zote kwa mwaka, za humo nchini na za nje, akaongeza matumizi ya taslimu ambayo hayakupitia benki, akaondoa anayojua si mapato. Kinachozidi ulichotangaza hukiita mapato yasiyoripotiwa. Mahakama za huko zimeikubali hesabu hii tangu miaka ya 1930.

Tuseme akaunti tatu, mbili za Texas na moja ya Nairobi, zimepokea dola 96,000. Kati yake 21,000 ulizihamisha mwenyewe kutoka akaunti moja kwenda nyingine, 15,000 ni mkopo, 8,000 zawadi ya mzazi. Zinabaki 52,000, nawe ulitangaza 38,000. Mnabishania 14,000. Lakini usipothibitisha uhamisho, mkopo na zawadi hizo, mnabishania 58,000.

Hapo ndipo penye maumivu, maana amana huchukuliwa kuwa mapato mpaka uoneshe vinginevyo, na mkaguzi halazimiki kutaja kila dola ilitoka wapi. Uhamisho wa ndani hujieleza: tarehe na kiasi hulingana pande zote. Ukitoka kwenye shilingi kwenda dola, ada zikakatwa njiani, haulingani tena. Tunza karatasi ya kubadilishia fedha. Vigumu zaidi ni mkopo wa ndugu usio na maandishi, na fedha za chama zilizopitia akaunti ya mweka hazina. Barua ya mjomba iliyoandikwa baada ya ukaguzi kuanza haina uzito mkubwa. Chenye uzito ni mkataba wa siku ile ile, taarifa ya benki ya aliyekopesha, marejesho yanayoonekana, daftari la michango.

Akaunti ya nje ina sheria yake pia. Jumla ya akaunti zako zote za nje ikizidi dola 10,000 hata siku moja tu ya mwaka, unajaza fomu ya FinCEN 114, ile ya kutangaza akaunti za nje, ifikapo 15 Aprili, na muda husogezwa wenyewe hadi 15 Oktoba. Akaunti ambayo wewe ni mtia saini tu huhesabiwa. Faini huja hata kama hukudaiwa kodi. Katika kesi ya Bittner, 2023, serikali ilidai dola milioni 2.72 kwa akaunti 272 zilizojirudia katika miaka mitano. Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema faini ya asiyekusudia huhesabiwa kwa kila fomu, si kwa kila akaunti, ikawa dola 50,000. Aliyeficha kwa makusudi anaweza kutozwa nusu ya salio, au zaidi.

Madai ya kodi hupingwa Mahakama ya Kodi ndani ya siku 90 tangu tarehe ya notisi ya upungufu, yaani barua rasmi ya madai hayo, au 150 ikiwa imetumwa kwa aliye nje ya Marekani, bila kulipa kwanza. Faini ya fomu haisikilizwi hapo. Hiyo huenda mahakama ya wilaya ya shirikisho, kwa hiyo barua mbili, ya kodi na ya faini, zikifika wiki moja zisijibiwe kwa bahasha moja.