Gösta Mittag-Leffler: uvumi wa Nobel na kazi uliyoifunika

Anayetajiwa jina la mwanahisabati wa Uswidi Gösta Mittag-Leffler (1846–1927) mara nyingi husimuliwa kwanza kwamba alimnyang'anya Alfred Nobel mke, na kwamba ndiyo sababu hakuna Tuzo ya Nobel ya hisabati. Ukweli ni kwamba Nobel hakuoa maisha yake yote. Tangu mwaka 1873 makazi yake yalikuwa Paris, kisha San Remo nchini Italia, ilhali Mittag-Leffler alifundisha Helsinki na baadaye Stockholm, na mwaka 1882 alimwoa Signe Lindfors wa Helsinki. Wasia wa Nobel wa mwaka 1895 unataja fizikia, kemia, tiba, fasihi na amani, wala haumtaji adui yeyote.

Uvumi huo unauma zaidi ukikumbuka alichofanya mwaka 1903, alipomwandikia mwanafizikia Pierre Curie kumtahadharisha kwamba jina la mkewe Marie lilikuwa hatarini kuachwa nje ya tuzo ya fizikia. Pierre alijibu akisisitiza wahesabiwe pamoja, na mwaka huohuo wote wawili wakatuzwa.

Wapo pia wanaodhani kwamba mwanahisabati Mrusi Sofia Kovalevskaya alipewa kazi Stockholm kwa huruma ya Mittag-Leffler tu. Kovalevskaya alikuwa na shahada ya udaktari ya Göttingen tangu 1874, na mwaka 1888 alishinda tuzo ya Akademia ya Sayansi ya Paris. Alichofanya Mittag-Leffler ni kupambana na waliotaka kumzuia kwa kuwa ni mwanamke.

Dhana iliyoenea miongoni mwa wasomi wenyewe ni kwamba alikuwa mratibu hodari, mwanzilishi wa jarida la Acta Mathematica mwaka 1882, lakini si mwanahisabati wa maana. Hapo naona anaonewa kabisa. Chukua fankisheni (kanuni inayotoa thamani moja kwa kila z) ya namba changamano z, yaani namba inayoweza kuhusisha kipeuo cha pili cha −1, unayotaka ipae bila kikomo kwenye kila namba kamili chanya. Ukijumlisha tu 1/(z−1) + 1/(z−2) + 1/(z−3) na kuendelea, unakwama, kwa sababu jumla yenyewe haina kikomo: weka z = 0 na unabaki na 1 + 1/2 + 1/3 + … yenye alama ya kutoa. Ukiongeza 1/n kwenye kila kipande 1/(z−n), n ikiwa 1, 2, 3 na kuendelea, kipande kinakuwa z/(n(z−n)), ambacho hupungua kwa kasi ya kutosha, na mahali pa kupaa hapajaguswa. Mittag-Leffler, akijenga juu ya mafundisho ya mwanahisabati Mjerumani Weierstrass, ambaye mihadhara yake aliisikiliza Berlin mwaka 1875, alithibitisha kwamba marekebisho ya namna hiyo yanawezekana daima, popote utakapochagua fankisheni ipae na kwa namna yoyote ya kupaa, mradi sehemu hizo zisirundikane mahali pamoja. Uthibitisho huo, aliouchapisha kwa ukamilifu mwaka 1884, ungali unafundishwa katika kozi za uchanganuzi changamano.