Faida peke yake haithibitishi kazi

Mtu anayefanya utafiti wa viumbe hapa Kigoma huulizwa swali moja kuliko mengine yote: hiki kina kazi gani? Mwanafunzi huliuliza kuhusu pezi la samaki, mvuvi wa Kibirizi huliuliza kuhusu upepo wa kiangazi, na mgonjwa aliyetoka maabara na karatasi mkononi hutaka kujua figo zake zinafanya kazi kwa kiwango gani. Ukisikiliza haraka utadhani ni swali lilelile, kumbe ushahidi unaomtosha daktari haumtoshi mwanabiolojia, na ule wa mwanabiolojia mara nyingi haupatikani kabisa kwa mtafiti wa mazingira. Kwa maoni yangu, upungufu mwingi wa taarifa tunazosoma kuhusu ziwa letu na misitu yetu unatokana na kuazima ushahidi wa upande mmoja na kuutumia upande mwingine bila kujiuliza kama unafaa huko.

Hospitalini mambo ni mepesi kidogo. Daktari hana haja ya kuthibitisha kwamba figo huchuja damu, kwa kuwa hilo limekwisha kujulikana. Anachotafuta ni kiasi gani figo za mgonjwa huyu zinachuja. Kwa vile hawezi kuzitazama zikiwa kazini, hupima kreatinini, ambayo ni taka inayotokana na misuli, aone imebaki kiasi gani katika damu. Hii ni njia ya kuzunguka, nayo ina udhaifu wake: mtu anaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wa kuchuja kabla kipimo hicho hakijavuka kiwango cha kawaida, na mzee aliyekonda, ambaye misuli yake imepungua, anaweza kuonekana mzima kwenye karatasi ilhali figo zake zimechoka. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilipitisha uainishaji wa kimataifa wa utendaji, ulemavu na afya, ambao hautazami kiungo peke yake bali pia kile ambacho mtu anaweza kukifanya mahali anapoishi. Goti lilelile bovu lina maana moja kwa karani akaaye mezani na maana nyingine kabisa kwa mama anayepandisha ndoo ya dagaa kutoka mwaloni hadi barabarani.

Katika biolojia swali linakuwa gumu zaidi, kwa sababu hapo hatuulizi kiungo kinafanya vizuri kiasi gani, bali kipo kwa ajili ya nini. Moyo husukuma damu, na pia hudunda. Daktari hunufaika na mdundo huo kila siku, lakini hakuna anayesema kwamba moyo upo ili udunde. Ili tuseme jambo fulani ndiyo kazi ya kiungo au tabia, haitoshi kuonyesha kwamba linaleta faida. Inapasa kuonyesha kwamba faida hiyo ndiyo iliyofanya kiungo au tabia hiyo idumu kizazi hadi kizazi. Niko Tinbergen, mtafiti wa tabia za wanyama, alilipanga jambo hili vizuri mwaka 1963 alipotenganisha maswali manne: tabia inaendeshwa na nini mwilini, inakuaje katika maisha ya mnyama mmoja, inamsaidiaje kuishi na kuzaa, na ilitokana na nini katika historia ya jamii yake. Jibu la swali moja halijibu jingine, ingawa sote tuna mazoea ya kuyachanganya.

Mfano ninaoutegemea zaidi unatoka kwa majirani zetu wa msituni, Gombe na Mahale. Mwaka 1983 watafiti wa sokwe Richard Wrangham na Toshisada Nishida waliandika kuhusu jambo ambalo wao wenyewe waliliona kuwa fumbo. Sokwe wa hifadhi hizo mbili huchuma majani ya mmea uitwao Aspilia, hasa asubuhi kabla hawajala, hulikunja jani mojamoja kwa ulimi, kisha hulimeza bila kulitafuna. Jani hutoka katika kinyesi likiwa zima, bado limekunjwa. Haliwezi kuitwa chakula, kwa kuwa tumbo halikulisaga. Miaka miwili baadaye wanakemia walitangaza kwamba wamepata ndani ya Aspilia kemikali iitwayo thiarubrini, yenye nguvu dhidi ya minyoo na fangasi, na watu wengi wakaona fumbo limefumbuliwa: sokwe wanakunywa dawa.

Lilikuwa jibu zuri, ila halikustahimili kuchunguzwa. Wataalamu wengine walipoyapima tena majani hayo hawakuikuta kemikali ile. Isitoshe, waangalizi sehemu mbalimbali za Afrika waliendelea kuandika majina ya mimea ambayo sokwe humeza majani yake kwa namna hiyohiyo, mpaka orodha ikapita aina 30 za koo tofauti kabisa, ambazo kemikali zake hazifanani. Kinachozifananisha ni kitu kimoja tu ambacho mtu yeyote anaweza kukihisi kwa kidole: uso wa jani unakwaruza, umejaa vinyweleo vigumu. Ndipo mtafiti Michael Huffman na wenzake, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1996, walipopekua vinyesi vya Mahale na kukuta, pamoja na majani mazima, minyoo ya utumbo iitwayo Oesophagostomum iliyokuwa hai na ikijinyonganyonga. Kwangu mimi uhai wa minyoo hiyo ndio ushahidi mkubwa. Kama jani lingekuwa sumu, tungetarajia minyoo iliyokufa; minyoo hai maana yake imefagiwa na kutolewa nje. Jani gumu lisilosagika, likiingia katika tumbo tupu, huharakisha mwendo wa utumbo, na minyoo ambayo haijashika vizuri huondoka nalo.

Hata hivyo, huko huko Mahale kuna mmea ambao kemikali yake ndiyo yenye neno. Mwaka 1987 Huffman akiwa pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyeijua milima hiyo na dawa zake, walimfuata sokwe jike aliyekuwa mgonjwa. Jike huyo alikata tawi la mjonso, akabandua majani na maganda akayatupa, akatafuna moyo wa shina akifyonza maji yake machungu na kutema nyuzi. Kalunde ndiye aliyemweleza mwenzake kwamba hicho si chakula, ni dawa kali, ambayo Watongwe huitumia kwa maradhi ya tumbo. Siku iliyofuata mgonjwa alikuwa amepata nafuu. Tazama alichokitupa: majani na maganda ya mjonso ndiyo yenye sumu nyingi zaidi. Katika tukio jingine, mayai ya minyoo kwa kila gramu ya kinyesi cha jike mmoja yalishuka kutoka 130 hadi 15 ndani ya saa 20. Mimi nauchukulia ushahidi huu kwa heshima na kwa tahadhari pia, maana ni mnyama mmoja, na idadi ya mayai hupanda na kushuka yenyewe; lakini ukiuweka pamoja na kemia ya mmea na namna jike yule alivyochagua sehemu ya kula, unazidi bahati nasibu.

Ziwani hatuna anasa hiyo. Maji ya Ziwa Tanganyika hufikia kina cha mita 1,470 hivi, na virutubisho vingi vimelala chini, ambako hakuna oksijeni. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu kuja huku kaskazini, na ya chini hupanda kule kusini. Upepo ukitulia, tabaka hizo huyumba kwa wiki kadhaa na kuleta virutubisho upande wetu pia. Mwani hushamiri, wadudu wadogo wa majini hula mwani, dagaa hula wadudu hao, migebuka hula dagaa. Ni sahihi kusema upepo unachangia mavuno, lakini upepo hauvumi kwa ajili ya dagaa, wala hakuna maziwa yaliyoshindana hadi hili likashinda kwa sababu ya upepo wake. Swali la Tinbergen la kuishi na kuzaa halina pa kukaa hapa. Linalobaki ni la mchango: ukiondoa kitu hiki, nini kitabadilika?

Nani atauondoa upepo? Watafiti hulazimika kusubiri mabadiliko yajitokeze, au kusoma yaliyopita. Mwaka 2003 timu mbili zilionyesha kwamba joto limeongezeka na kuyafanya maji yasichanganyike kwa urahisi, na moja kati yao ikakadiria kwamba uzalishaji wa mwani umepungua kwa asilimia 20 hivi. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake, wakisoma mabaki ya samaki ndani ya tope la chini ya ziwa, waligundua kwamba kupungua kwa samaki kulianza kabla ya uvuvi wa kibiashara kushika kasi.

Ndiyo maana nina mashaka na maneno yanayozunguka mwaloni kwamba dagaa waliongezeka kwa sababu ziwa lilifungwa, uvuvi ukasimamishwa, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Kwa mtafiti ilikuwa fursa adimu, kwa kuwa kitu kimoja, uvuvi, kiliondolewa kwa makusudi. Lakini kiliondolewa katika miezi ileile ambayo upepo unavuma na ziwa linajilisha. Mvuvi aliyepata dagaa wengi baada ya kufunguliwa anaweza kuwa amevuna matunda ya mapumziko, au ya upepo, au ya vyote viwili. Dagaa huishi mwaka mmoja hivi, kwa hiyo athari kwao huonekana mapema na kufifia mapema; migebuka huchelewa kukomaa, na hukumu juu yao itachelewa vilevile. Ili kutenganisha visababishi hivyo tunahitaji mavuno ya kila mtumbwi kwa kila usiku wa giza, idadi ya taa zilizowashwa, na joto la maji juu na chini, yote yakilinganishwa na miezi ileile ya miaka ambayo ziwa halikufungwa. Kilo za mwezi mzima zilizojumlishwa pamoja hazitatuambia ni nani aliyewaleta dagaa.